Majani ya Maboga Dirishani

Mjukuu wangu Neema anasomea nyumbani, hapa ugenini Handsworth. Karatasi ya habari za majira ya machipuko kwa familia zinazosomesha watoto nyumbani ilikuja kwa Kiingereza, nikaiweka kando bila kuuliza inasema nini. Nikaona tu maboga yamechipua kwenye vikombe dirishani. Kwetu Kongo majani ya maboga ni mboga. Nikayakata, nikayapika kwa karanga, tukala wote.

Asubuhi Neema akalia. Kumbe aliyapanda mwenyewe, ya kupeleka kwenye maonyesho ya mimea ya watoto, yaliyotangazwa kwenye ile karatasi. Mimi, ninayemgombeza kila siku kwa kusema uongo, nikamwambia, “Ni konokono.”

Kwenye maonyesho, Neema akapeleka vikombe vyake hivyo hivyo, akasema vililiwa na konokono. Mwalimu anayewasimamia watoto hawa, mama Mhindi aliyekulia Kisumu, akavitazama vishina vilivyobaki, mbele ya wazazi wote.

“Mama,” akaniuliza kwa Kiswahili, “konokono wenu wanatumia kisu?”