Magunia Kwenye Mwanya wa Paa

Utoto wangu wa Likoni niliupitisha nikitazama juu. Kuta za nyumba yetu hazikufika paani. Palibaki mwanya wa kupitisha mkono. Hapo, alisema nyanya mzaa baba, ndipo anapopenya babewatoto, bundi ambaye kivuli chake kikimpitia mtoto mchanga humtia dege, akapinda mgongo na kugeuza macho. Niliamini, wallahi. Hata leo bundi akilia, natazama juu kwanza.

Mamangu alipomzaa Saidi, baba, kuli wa bandarini, alikuwa ameshaondoa makuti na kuezeka mabati. Mabati hayavuji, kweli, lakini adhuhuri za kaskazi yalitupika. Kilichotunusuru ni mwanya ule ule: joto lilipanda likatokea juu, na upepo ukaingia dirishani kushika nafasi yake. Nani alijua hayo? Sisi tuliona tundu la bundi tu.

Basi mama akiwa ndani ya arobaini ya uzazi, nyanya akaamuru mwanya uzibwe. Tukaujaza magunia na matambara nyumba nzima. Kisha akaleta seredani ya makaa, akatia ubani, akafunga dirisha mzazi asipigwe na baridi.

"Sasa na aje tumwone!" alisema, akipangusa mikono.

Mchana mmoja nikampelekea mama uji. Nilipofungua mlango, pumzi haikuvutika. Mama alikuwa amejishika kichwa. Saidi amelegea kwenye mapaja yake, ngozi inachoma, macho yamegeuka meupe.

"Nyanya! Dege!" nikapiga ukelele.

Nyanya akaja mbio, huku akisoma dua. "Ongeza ubani! Yu karibu huyo!"

Mama hakuwa mtu wa kumjibu mavyaa yake. Siku ile aliinuka akiyumba, akaniwekea Saidi mikononi, akamgeukia nyanya.

"Mama, niwie radhi. Mwanangu hafi kwa moshi."

Akapanda kitandani, akayang'oa magunia kwa kucha. Kisha akashuka, akasukuma dirisha, akaitupa seredani uani. Mimi nilimkumbatia mtoto nisije nikamwangusha.

Tukangoja. Moshi ukapanda polepole, ukajikunja kwenye mwanya, ukatoka. Sote watatu tuliuona. Saidi akakohoa, kisha akalia kwa sauti ya kukwaruza. Alhamdulillahi, sijasikia tena kilio kitamu kama kile.

Nyanya alikuwa ameketi sakafuni, leso imemwanguka. "Kumbe alikuwa humu ndani," alisema. "Tumemfungia pamoja na mtoto."

Nyumba yangu ya Kisauni nilimwambia fundi aiachie matundu chini ya paa, ayawekee wavu. Najua sasa kwamba joto lisipopata pa kutokea humrudia aliye chini. Watu nikiwasimulia, hungoja nimcheke nyanya. Simcheki. Bundi wake sikumwona, lakini hofu yake niliiona, na ilikuwa ni mapenzi matupu, yakakaribia kuua.

Tangu siku ile nyanya hakumgusa Saidi bila kumwuliza mama kwanza, "Nimshike?"

Na mama kila mara alimpa kwa mikono miwili. "Mshike, mama. Ni wako."