Pua ya Mume wa Hansa

Kitale niliondoka miaka ya themanini kwa sababu ya Hansa. Mama yake alikufa akimzaa, na mimi Nafuna, binti Wekesa wa Lugulu, nikambeba mgongoni mpaka akaenda shule. Alipoposwa kwao India, alimwambia baba yake, Popatlal wa duka la nguo, "Bila Mama Nafuna, siolewi!" Basi nikatafutiwa pasipoti.

Nairobi tulipanda ndege hadi Bombay, kisha gari la moshi, tukila chapati za Popatlal.

Asubuhi tukashuka kwenye kamji kao ka Gujarat. Barabara moja tu, nyati wa maziwa wamelala katikati na hakuna wa kuwafukuza. Majina ya watu wa pale sijasahau: Jivan fundi viatu, Rambha wa maziwa, Kanti wa chai. Na mzee Mohan, aliyewahi kuwa na duka Bungoma. Aliniita barazani kwake kwa salamu ya kwetu: "Mama, mulembe! Mahindi imekomaa?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Siku ya harusi ndipo kazi ilipoanza. Kwao, mama wa bibi harusi humpokea mkwe mlangoni na kumvuta pua, ajue amekuja kuomba. Kwetu Wabukusu, mama hamgusi mkwe, wala hamtazami usoni.

Savita, shangazi wa Hansa, akasema, "Huyu ni yaya. Mlangoni nitasimama mimi."

Hansa akavua bangili zake. "Basi harusi hakuna."

Ngoma za bwana harusi zilikuwa zimefika kona. Mohan akaninong'oneza, "Si uvute tu, Mama? Hapa hakuna Mbukusu wa kukuona, bana."

"Mimi mwenyewe si niko?"

Lakini mtoto wangu aolewe kama yatima na mimi nimesimama? Nikajifunika leso kichwa chote, nikaugeukia ukuta, nikanyoosha mkono nyuma, nao nimeuzungushia leso ya pili. Wakwe wa huko hukwepa. Huyu, Dinesh, alikuwa anashangaa leso. Nikainasa pua!

Mji mzima ukalipuka. Rambha akapiga vigelegele, na Savita mwenyewe akaniletea sahani ya taa nimbariki mkwe.

Niliporudi kwetu Bungoma, dada yangu Nasimiyu alishika mdomo. "Ati ulimgusa mkwe?"

"Kwa leso. Nimejifunza, Nasimiyu, mwiko wa kwetu unaweza kuvuka bahari na usivunjike."

"Na ni kijana mzuri?"

"Nitajuaje? Uso wake sijauona. Lakini pua anayo!"