Nilivyokwenda Mbamba Bay kujaribu surfing, na mzee wangu akanifuata

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nipo Songea, Bombambili. Ninachoandika kimenitokea Jumamosi iliyopita na sijaongeza chumvi. Anayedhani natunga aje kwangu, nimkutanishe na mzee wangu wahojiane.

Kwanza mjue kitu kimoja. Ukoo wetu hatuingii ziwani. Sio kwamba hatujui kuogelea tu, HATUINGII.

Enzi za Mjerumani, babu yake mzee wangu alikwenda kwenye vita vya Majimaji. Alinyunyiziwa ile dawa ya maji, akaambiwa risasi zitageuka maji. Akaaga, akaondoka, basi. Hata kaburi lake hatulijui.

Mkewe alibaki na mtoto mchanga na ile njaa iliyofuata. Akaweka mwiko: wa damu yake yeyote asikubali kunyunyiziwa maji, na asiingie kwenye maji ambayo haoni chini yake.

Mnacheka? Sisi ni Wakatoliki safi kabisa, lakini padri akipita na maji ya baraka, wazee wa kwetu wanainama kama wameangusha kitu. Mtoto akibatizwa, shangazi yuko pembeni na taulo. Nimekua naona ni kawaida tu.

Aliyeniamsha ni binti yangu wa darasa la tano. Shule iliwapeleka Ziwa Nyasa kutembea, wenzake wakaingia majini, yeye akabaki ndani ya basi peke yake mpaka wanarudi. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Si ndivyo tulivyo, baba?"

Iliniuma sana, wakuu. Nikaona nisipoukata huu mwiko mimi, ataubeba yeye, na wanawe wataubeba.

Sasa kuna mshikaji wangu, tumwite Ndunguru, ana vyumba vya wageni kule Mbamba Bay. Pia ana mbao mbili za surfing, zile za kutelezea juu ya mawimbi, aliachiwa na mgeni. Miezi hii upepo wa mwera unavuma kutoka kusini na mawimbi yanakuja ya maana, kwa hiyo kila wiki ananipigia simu niende. Safari hii nikamwambia nakuja.

Kosa langu ni kumuaga mzee. Ana miaka sabini na sita. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Babu alikwenda, hakuna wa kwetu aliyemwona akianguka," akasema. "Wewe nitakuona."

Akaenda kuvaa koti lake la kanisani.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri na gari la kuazima. Mbinga baridi ya kufa mtu. Mzee alisali rozari njia nzima, na mimi nikawa naendesha huku najuta, maana ni mzazi wangu na namtesa.

Tulipoanza kuteremka, ziwa likatokea lote kwa mpigo.

Wakuu, nimezaliwa mkoa huu huu na nilikuwa sijawahi kuliona. Mnaokaa kule mmezoea. Mimi nilisimamisha gari. Ng'ambo huioni, ni maji mpaka yanakutana na mbingu. Mzee alivua kofia akaishika kifuani.

Ndunguru alinifundisha mchangani kwanza. Lala kifudifudi, piga maji kwa mikono, sukuma kifua, ruka, simama. Nchi kavu nilikuwa bingwa. Akanifunga ile kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu, tukaingia. Mzee akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, viatu miguuni, macho kwangu.

Wimbi la kwanza likanitupa. La pili likanitupa. Nikanywa maji mpaka nikashiba.

Sijui lilikuwa la ngapi, nikasimama.

Sekunde tatu, labda nne. Lakini nilisimama, na ziwa zima likawa linanisukuma kutoka chini ya nyayo, mimi fundi mageti nisiye na mbele wala nyuma. Sijawahi kubebwa na kitu kikubwa namna ile. Nililia, sifichi.

Kisha nikaanguka vibaya. Kamba ikanizunguka miguu yote miwili, ubao ukanikalia juu, pua ikajaa maji. Nikajua ndiyo basi. Kichwani nikamuona binti yangu anaambiwa, "Si tulikuambia?"

Mara mkono ukanikamata shingoni.

"Simama! Simama wewe, maji yenyewe ya kiunoni haya!"

Ni mzee. Na koti, na viatu. Kweli nilikuwa nazama kwenye maji ya kiunoni, msinicheke.

Kabla sijajibu, wimbi likaja likampiga kichwani, akalowa chapachapa. Nikasubiri apige kelele. Hakupiga. Alijifuta uso kwa kiganja, akakitazama kile kiganja, halafu akalitazama ziwa kwa muda mrefu.

"Babu hakudanganywa na maji," akasema. "Alidanganywa na watu. Maji yenyewe hayakumuahidi kitu. Na sisi tumeyanunia miaka yote hii."

Tulibaki tumeshikana mikono mle majini, mawimbi yanatupiga, hakuna aliyetaka kutoka. Ndunguru akaona aibu, akaenda kutukaangia samaki.

Nilichojifunza: hofu nyingine tunazorithi zilikuwa na sababu ya kweli, mtu alikufa kweli. Usizidharau. Ila kaa na mkubwa wako umuulize hofu hiyo, na hasira iliyo ndani yake, zinamhusu nani hasa.

Naomba maoni, na nina shida ya kitaalamu. Mwezi ujao tunarudi watatu, na binti yangu. Jana mzee kaja karakana, kanizimishia mashine, anauliza ubao wake uwe na urefu gani. Ana kilo hamsini na tano na goti la kushoto linamsumbua.

Wenye uzoefu, nimwambieje?