Mwenye Pumzi Fupi Atangulie

Siku yangu ya kwanza kazini Kilimambogo, miaka ya tisini ikianza, nilivaa buti mpya nikasimama mbele ya wageni, kifua mbele. Sajini, mkuu wetu, alinishika bega akanipeleka nyuma kabisa ya msafara.

"Kijana, kusindikiza si mashindano. Utajifunzia huku."

Kazi yetu askari wa wanyama ilikuwa kuwapandisha watu hadi kileleni na kuwarudisha salama. Njia zilikuwa mbili. Barabara ya gari ni ndefu, inauzunguka mlima polepole, na mwenye subira yeyote huiweza. Mkato ni kijia kinachokatiza kona na kupenya msituni. Ni mfupi, lakini vichaka vyake vimesongamana na mbogo hulala humo.

Wageni wa siku hiyo walikuwa kina mama Waislamu, wauza leso wa Machakos mjini. Kiongozi wao, Bi Rukia, alikuwa mnene na magoti yalimsumbua. Safari iliyotangulia alishindwa katikati, na kwa kuwa msafara haugawanywi, wote waligeuka naye.

"Shangazi, leo tungoje getini," mpwa wake Mwanaisha alimwambia. "Ama tupite mkato tumalize haraka."

"Ningoje kama mzigo wa mitumba?" Bi Rukia akajibu, lakini macho aliyainamisha.

Sajini akamwita kwa heshima ya Kikamba, kama mtu amwitavyo mama yake. "Mwaitu, wewe tangulia. Mwenye pumzi fupi ndiye anayepima mwendo. Na tutafuata barabara. Mkato tuwaachie mbogo."

Baada ya kona chache nilielewa. Anayeachwa nyuma huwafikia wenzake wakiwa wameshapumzika. Wao huinuka, naye hajavuta pumzi. Akiwa mbele, wote husimama anaposimama yeye.

Karibu na kilele ukungu ulitufunika. Tukasikia mlio mkali wa shashi, ndege wanaokula kupe mgongoni mwa mbogo. Sajini akainua mkono, tukasimama. Mbogo akishtuliwa hushambulia; akiwasikia watu mapema, mara nyingi hujiondokea.

"Mwaitu, paza sauti ajue tuko hapa. Asipoondoka, tunarudi."

"Niseme nini?"

"Unachosema sokoni."

Bi Rukia akajaza kifua. "Leso mpya! Njoo mama, njoo dada, kushika ni bure! Hata wewe mwenye pembe, karibu!"

Wenzake wakamwitikia huku wakicheka. Vichaka vikavunjika, kishindo kikateremka bondeni.

"Huyo hakuwa mnunuzi," Bi Rukia akasema, akaendelea kupanda.

Alikuwa wa kwanza kukikanyaga kilele. Ukungu ulipopasuka akauona Mto Athi kule chini, akaketi nyasini. Mwanaisha alimvua viatu akamkanda miguu.

Baadaye nilihamishwa vituo vya mbali, nikawa koplo, kisha nikarudi Kilimambogo nikiwa sajini. Kila askari mpya nilimwanzisha nyuma. Nanyi mnaosema mlima ni wa wenye nguvu, nimewaona wengi wa kawaida wakifika, mradi hawakukimbizwa.

Nilipostaafu nilirudi kama mgeni, pamoja na wajukuu. Nikashika fimbo yangu na kujipanga nyuma, mahali nilipopazoea. Askari mmoja, msichana ambaye hatukujuana naye, akaja akanishika bega.

"Mzee," akasema, "hebu tangulia."