Nguzo ya Dunga Iliyohama na Mjomba Juu Yake

Kisa hiki hamtakiamini. Hata waliokuwepo bado wanakiona kama uongo, na mmoja wao ndiye aliyekaa juu yake na kiti. Anayekiandika ni Nyangweso, mjomba wa Beldina yule mpima ardhi, lakini ameona kwamba kujiandika "mimi, mimi" ukurasa mzima ni majivuno, na Nyangweso hana majivuno hata chembe. Ulizeni kuanzia Kaloleni mpaka Pap Onditi: hakuna mtu mnyenyekevu aliyejulikana mbali kama yeye. Kwa hiyo humu ataitwa Nyangweso, kama anavyoitwa na watu, na mahali atakaposifiwa mjue ukweli umemlazimisha.

Beldina alikulia Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji wa Kisumu, akilala chumba kimoja na dada zake. Akiwa bado mdogo alichukua kaa jikoni akachora mstari sakafuni: huku kwangu, kule kwenu. Dada zake wakaufuta kwa maji na sabuni. Kesho yake akauchora tena palepale, haukuhama hata upana wa kidole. Wakafuta, akachora. Mama yao alichoka akanunua zulia. Nyangweso, ambaye masomo yake yalikatikia njiani kwa sababu shule ilikuwa mbali na mto ulikuwa karibu, alimtazama mtoto yule akatangaza mbele ya watu kwamba huyu atakuwa wakili. Alikosea. Amekosea mengine pia, tutayafikia.

Leo Beldina ana leseni, buti za mpira, kofia pana, na mashine ya miguu mitatu inayozungumza na setilaiti huko juu. Huitwa kila mahali ndugu wanaponuniana: Nyakach, Kano, ukingoni mwa ziwa. Kila upande humpokea kana kwamba ameletwa na upande ule, na ndiyo maana ana mwiko wake mmoja ambao watu wetu hawauelewi kabisa: hali chakula cha mtu kabla hajamaliza kupima. Hata chai hanywi. Hebu fikiria, mgeni anafika kwa Mjaluo, kuku amekwisha chinjwa kwa heshima yake, naye anasema asante, nitakula baadaye. Wazee wa Pap Onditi walidhani anaogopa sumu. Mmoja alionja kila sufuria mbele yake ili kumtoa hofu, akashiba yeye.

"Si sumu, Mzee," Beldina alimwambia. "Nikila kwako sasa hivi, jirani yako ataona mpaka umepitia kwenye sahani."

Mjomba wake hana mwiko huo. Yeye hula pande zote mbili, kwa ajili ya haki.

Sasa twende Dunga, kando ya ziwa, hapohapo Kisumu. Pale ufukweni kuna mjane, Mama Atieno, anayekaanga samaki aina ya ngege kwenye kibanda cha mabati. Jiko lake ni la udongo, kubwa, la kukaa makarai mawili, na ndilo lililomlea yeye na wanawe tangu mume alipofariki. Kiwanja cha pembeni kilinunuliwa na Bwana Zuhair, mwenye duka la vitambaa mjini, mtu mstaarabu anayesalimia mpaka mbwa. Alitaka kujenga nyumba ya wageni. Mawe yalikuwa yamekwisha mwagwa, mafundi wanasubiri kuchimba msingi wa ukuta. Shida ilikuwa nguzo ya mpaka.

Ziwa lilipopanda mwaka ule wa mafuriko lilimeza bikoni ya chini, ile alama ya wapimaji ya chuma iliyosimikwa kwenye saruji. Majirani wa wakati huo wakaona wasikae bila alama, wakasimika nguzo ya mti yenye rangi nyekundu kichwani, mahali penye mafunjo manene, udongo na nyasi, pakavu kabisa hata mbuzi walipanda kulisha. Aliyeishika nguzo isimame wima ni Nyangweso, na tangu hapo akikutana na mgeni hujitambulisha kama mtu aliyepima Dunga.

Basi ikawa hivi. Asubuhi msimamizi wa Zuhair akisimama njiani na kuitazama nguzo, mpaka unapita katikati ya jiko la Mama Atieno. Jioni Mama Atieno akisimama palepale, mpaka unapita juu ya mawe ya Zuhair. Kila mmoja akaamini mwenzake ana watu wa kuhamisha nguzo. Maneno yakawa makali. Zuhair akasema ukuta utajengwa kwa kufuata nguzo ya asubuhi, na jiko likiwa ndani ya msingi, livunjwe. Mama Atieno hakuwa na pa kulihamishia: mbele yake maji, nyuma yake njia ya watu wote. Jiko likienda, amekwenda nalo.

Wakamwita Beldina. Yeye akataka wote wawili wawepo, macho kwa macho.

"Nyathina, mtoto wangu," Mama Atieno akamwambia, upawa mkononi, "mgongo huu umekubeba ungali mtoto. Wewe si ni wetu?"

"Mgongo nakumbuka, Mama. Lakini leo mimi ni wa ramani."

"Kula basi samaki mmoja."

"Nikimaliza."

Bwana Zuhair naye alikuwa amebeba pilau kwenye bakuli la kufunika. "Binti yangu, hii si hongo, ni adabu tu."

"Najua, Bwana Zuhair. Iwekeni kivulini."

Kivulini alikuwa Nyangweso. Pilau haikukaa sana.

Beldina alipofungua mashine yake, mjomba alijifuta mdomo akasogea mbele kutoa ushahidi. "Usihangaike na setilaiti," akasema. "Mimi mwenyewe nilisimika hiyo nguzo. Haiwezi kutikisika. Na leo nitailinda, tuone huyo mwizi atapita wapi!" Akachukua kiti cha plastiki, mwavuli, na sahani ya ngege, akavuka matope mpaka kwenye mafunjo, akakaa kando ya nguzo kama chifu mbele ya ofisi yake.

Wote wawili wakakubali: hapo hakuna wa kugusa. Beldina akaielekea nguzo, akapima, akaenda kutafuta bikoni za juu kando ya njia. Alizipata zote mbili chini ya takataka, saruji yake haina hata ufa. Akapima kutoka pale. Kisha ukaja ule upepo wa mchana kutoka ziwani, ambao kila mtu wa Kisumu anaujua, unaofuata ukingo na kupeperusha kofia na kanga. Nyangweso alikuwa amemaliza samaki. Macho yakamlemea. Alikuwa analinda kwa masikio.

"Mjomba!" Beldina akaita, jicho kwenye mashine. "Usisogee!"

"Sijasogea!"

"Umesogea!"

"Nimekaa, yawa! Mtu aliyekaa anasogeaje?"

"Hata sasa unasogea!"

"Huyo mashine wako ana homa!"

Mama Atieno akashika kiuno. Msimamizi wa Zuhair akavua kofia. Kwa maana nguzo ilikuwa inakwenda, taratibu, kichwa chake chekundu kikipita mbele ya mitumbwi, na kando yake Nyangweso kwenye kiti, mwavuli wazi, mfupa wa samaki mdomoni, anabishana na nchi kavu inayomwacha. Yale mafunjo hayakuwa ardhi. Yalikuwa yamenyanyuliwa na ziwa lilipopanda, yakabaki yanaelea, yameegemea ufuko kama ng'ombe anayejikuna. Upepo wa asubuhi unayasukuma huku, wa mchana unayarudisha kule. Watu walikuwa wamesimika nguzo ya mpaka juu ya kisiwa kinachotembea, na aliyeishika siku ile ndiye huyo anayeondoka sasa.

"Mzee, unaenda Uganda?" mvuvi mmoja akauliza. "Umebeba kitambulisho?"

"Niokoeni kwanza, mtanicheka baadaye!"

Walimcheka kwanza. Kisha wakamfuata kwa mtumbwi, wakamrudisha na kiti chake. Nguzo iliachwa iende ilikotaka.

Mama Atieno na Bwana Zuhair walikuwa hawatazamani kwa aibu. "Mimi nilikuita mwizi, Mama," Zuhair akasema chini chini.

"Na mimi nilikuita vibaya zaidi, ila nilisema kwa Kijaluo."

"Nilielewa, Mama. Nimezaliwa hapa."

Lakini jiko bado lilikuwa hatarini, kwa kuwa nguzo kuwa mwongo hakukusema mpaka wa kweli uko wapi. Mama Atieno akamgeukia Beldina. "Sasa niambie tu jiko liko kwangu. Wewe unajua."

"Mimi sigawi ardhi, Mama. Naonyesha palipopimwa. Pakikukata, nitasema panakukata, kisha nitarudi nyumbani nilie." Akatembea mpaka ukingoni akaonyesha maji kwa kidole. "Kutoka zile bikoni za juu, ya tatu, ile iliyomezwa na ziwa, inapaswa kuwa hapo. Sitatamka mpaka mtu aguse chuma chake."

Karai lilikuwa limepoa. Mama Atieno alikuwa ameweka mkono juu ya jiko, kama mtu anayemshika mtoto asikimbilie barabarani.

Hapo ndipo Nyangweso alipovua shati. Wanaume wa Dunga, watu waliozaliwa majini, walirudi nyuma. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika, akazama. Akashuka. Akashuka tena. Giza, baridi, samaki mbuta mkubwa kama ndama akampisha kwa heshima, kiboko akafungua mdomo, akamwona ni nani, akaufunga, na huko chini kabisa, kina cha nyumba ya ghorofa, pumzi imekwisha, moyo unagonga, akanyoosha mkono na—

"Mjomba."

"Umeingia lini, Beldina? Mtu anaandika hapa."

"Maji yalikuwa magotini."

"Magoti ya nani?"

"Yako. Hukuzama popote. Ulijikwaa ukaanguka, ukatukana, na kile ulichokitukana ndicho kilikuwa chuma. Nikakipima, mstari wa mpaka ukapita kando ya jiko, jiko likabaki kwa Mama Atieno. Andika hivyo. Na andika pia kwamba paa la kibanda chake lilikuwa limeingia kwa Bwana Zuhair, nikamwambia mbele ya watu wote, naye Mama akaleta panga akakata mwenyewe miti ya paa hilo kabla sijala."

"Nitaandika, nitaandika. Lakini yule kiboko—"

"Ulikuwa mtumbwi uliopinduliwa."

"Mtumbwi wenye masikio? Beldina, nyathina, mimi nilimtazama kwa macho haya mawili, akanitazama, akatoa sauti kama trekta ya Ahero, akasema—"