Shimo Halilali Wazi

Nyumba iliyotazamana na yetu kule Mbagala, ng'ambo ya kichochoro, ilikuwa na mtoto ambaye hakuna jirani aliyewahi kumwona. Tulimjua kwa sauti tu. Asubuhi nikiwa nakoroga unga wa vitumbua namsikia. Hakuwa analia wala kuimba. Ilikuwa sauti moja ndefu, inapanda, halafu inakatika. Baadaye mama yake anatoka na godoro dogo lililolowa, analitupia juu ya ua wa makuti lipigwe jua, anarudi ndani na kufunga mlango. Ukimsalimia anaitika vizuri. Ukimuulizia mtoto anasema, "Amelala, mama." Asubuhi amelala, adhuhuri amelala, jioni amelala.

Watu walimwita yule wa ndani. Walimzoea, kama unavyozoea mlango unaolia.

Mie nilimsikiliza kuliko wote, maana nilikuwa na wa kwangu. Mjukuu wangu wa kike alikuwa ameshatimiza miaka mitatu, shingo yake imekaza kwa tabu, miguu imelegea kama mlenda. Maneno hana. Lakini akili anayo! Ukimficha kijiko nyuma yako, anakutazama mpaka uone haya ukitoe. Baba yake alikuja kwenye arobaini, akala pilau, akanawa, akamtazama mtoto mara moja, na mpaka leo sijui ameelekea wapi. Mama yake, binti yangu wa mwisho, kiwanda cha nguo kilipowapunguza aliingia kwenye mitumba, Manzese. Anatoka giza, anarudi giza. Mie nina vitumbua vyangu sokoni, na ninajisifu wala sioni aibu: hakuna aliyekuwa na vitumbua kama vyangu barabara nzima ya Kilwa.

Sasa mtoto abaki na nani? Miaka ile ruksa ya kufanya biashara ilikuwa imetoka, kila mwanamke anauza kitu. Nyumba zinabaki na kuku.

"Mfungie, bibi," wakaniambia. "Mbona yule wa ng'ambo anafungiwa na anaishi?"

Anaishi. Usiku ule nililala na neno hilo kifuani kama jiwe. Asubuhi nikamfunga mjukuu wangu mgongoni kwa kanga, nikampeleka chekechea.

Chekechea yenyewe ilikuwa ua wa mwalimu mmoja, mwanamke wa bara, mpole, aliyeacha kufundisha shule ya serikali. Banda la mabati, mikeka, sufuria kubwa la uji. Nyuma kuna kibanda cha mkaa.

"Shikamoo, bibi," akasema, macho yake yako mgongoni kwangu.

"Marahaba. Nimekuletea mwanafunzi."

"Bibi, huyu hakai. Mimi ni peke yangu. Nikimshika huyu, nani atawashika hao?"

"Hutamshika. Atashikwa na ardhi."

Nikaomba jembe. Nikachagua pembe yenye kivuli, nikachimba mchanga mpaka urefu wa kiuno chake, nikazungushia kanga kuukuu pembeni ili usimchubue, nikamsimamisha ndani. Bibi yangu alitufanyia hivyo sisi tuliochelewa kutembea, na bibi yake alifanya hivyo kabla yake. Mchanga unamkumbatia mtoto, mgongo unanyooka, mikono inabaki huru. Mie shule yangu ni ngumbaru, nilijua kusoma nikiwa nimeshazaa, lakini hilo sikuhitaji kusomea. Watoto wengine wamekaa chini, huyu amesimama shimoni, vichwa vyote vikawa sawa. Mtoto mmoja akampa kifuniko cha chupa. Akakipokea. Akacheka, kile kicheko chake cha mwili mzima.

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia sharti moja tu: jioni nitalifukia mwenyewe. Shimo halilali wazi. Wazee walituonya kwamba shimo lililolala wazi huita mtu wa kulijaza.

Tukaenda hivyo, asubuhi nachimba, jioni nafukia, mpaka alipokuja mama mmoja mwenye mimba, analeta mwanawe. Alipomwona mjukuu wangu akajifunika macho kwa ushungi, akarudi kinyumenyume mpaka akajikwaa kwenye ndoo.

"Mwalimu, mimba yangu hii naileta itazame nini hapa? Ama huyo, ama wanetu!"

Nilijua hayo maneno. Kwetu mwenye mimba akimtazama sana mlemavu, wanasema atazaa mfano wake. Mwalimu akasema, "Nitaongea na akina mama, bibi, wewe nenda sokoni." Tena akaniambia nisijisumbue na jembe asubuhi, atachimba mwenyewe. Nikaenda.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo. Jioni nakuta shimo limeshafukiwa. Mwalimu ananipa mtoto mlangoni, ameshamfunika, ameshamfuta uso. "Leo amecheza sana, bibi." Lakini mtoto hanichekei. Kichwa kimelala begani kwangu kama cha mzee. Nikadhani ni homa, nikampeleka zahanati, wakasema hana kitu.

Kilichonizindua ni ile kanga ya shimoni. Mie huifua kila jioni, na siku zote maji yanabaki na mchanga chini ya beseni. Jioni ile nikaikung'uta: haikutoa hata punje. Nikamkunjua mtoto viganja. Kwenye mikunjo ya ngozi palikuwa peusi. Nikanusa. Mkaa.

Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa kimya. Hapo ndipo nikatambua kwamba asubuhi ile, na siku kadhaa kabla yake, sikuwa nimesikia sauti ya yule wa ndani.

Kesho yake nikaacha vitumbua kwa muuza kahawa, nikarudi chekechea jua likiwa utosini. Watoto wanakula uji. Pale kwenye kivuli ardhi imekaza, kuku amejilalia. Nikasimama. Nikasikia, kutoka nyuma, sauti moja ndefu. Inapanda. Inakatika. Wallahi niligeuka kutazama kama nimepotea njia nikaingia kwenye ile nyumba ya ng'ambo. Ilikuwa ni sauti ileile.

"Bibi," watoto wakaanza kunong'ona huku wanaangalia uji wao, "yuko kwa mkaa. Tumeambiwa tusiseme."

Mlango ulifungwa kwa kipande cha waya. Nikaukunjua. Alikuwa amelazwa juu ya gunia, uso ameuelekeza kwenye mwanya wa ubao unaoingiza mwanga. Aliponiona hakucheka wala hakulia. Alinitazama tu, kama anavyotazama akifichwa kijiko.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu. "Ni wakati wa kuleta na wa kuchukua tu, bibi. Wasimwone. Halafu mama mmoja akawa anapitapita mchana pia... Wataondoka wote. Nitakula nini?"

"Kula uji wako. Lete jembe."

Nikachimba. Tulikaa hapo mpaka akina mama wakaanza kuja kuchukua watoto, mtoto wangu amesimama shimoni, mie nimekaa pembeni nimenyoosha miguu. Mwenye mimba akaingia, ushungi tayari uko machoni.

"Bibi we! Kaburi la nani hilo?"

"La ulimi wako. Lete nikupimie."

Mmoja akacheka, akajizuia.

"Funua macho, mwanangu," nikamwambia. "Kama kutazama kunaambukiza, mie niliyemtazama toka anazaliwa ningekuwa natambaa kwa tumbo. Mtazame. Anakutazama wewe mwenye mimba, na hajaogopa."

Alimkwapua mwanawe, akaondoka, na wengine wawili watatu wakamfuata. Waliobaki hawakubaki kwa mapenzi. Walibaki kwa sababu kesho biashara ipo na kwingine hakuna. Na mie nikasema mbele yao: nitakuja saa yoyote, na kanga nitaikung'uta kila jioni. Mwalimu akaung'oa mlango wa kibanda cha mkaa kwa mikono yake, akaugeuza kuni. Mjukuu wangu hakuhama pale mpaka umri wake ulipopita. Leo anasimama kwa kushika ukuta, na ana ubishi kama wangu.

Lakini jioni ile sikuwa na furaha. Nilivuka kichochoro na mtoto mgongoni, nikapiga hodi. Nikapiga tena. Mlango ukafunguka upana wa kiganja.

"Amelala, mama."

"Mwamshe. Kesho nachimba mashimo mawili. Mlete, hutalipa kitu, nimeshaongea na mwalimu."

Alimtazama mjukuu wangu kwa muda mrefu. Nyuma yake kulikuwa giza, na harufu ya mkojo wa zamani. Sikusikia pumzi ya mtoto. Midomo yake ikacheza, halafu mwanamume akakohoa ndani, na yule mama akasema haraka, "Nitamleta." Akafunga.

Asubuhi nikachimba mawili. La pili nililizungushia kanga yangu mpya, ile ya Idi. Watoto wakauliza la nani, nikawaambia mwenzenu anakuja. Wakawa wanachungulia njia. Uji ukagawiwa, bakuli moja likawekwa pembeni, likapoa, likafanya utando juu. Hakuja mtu.

Jioni nikarudi nyumbani. Ng'ambo mlango una kufuli kubwa. Mwenye nyumba akasema wamehama adhuhuri, na mkokoteni, hawakuaga, hawakusema waendako.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto gani, bibi?"

Godoro dogo lilikuwa bado juu ya ua wa makuti. Nikaligusa. Lilikuwa kavu, kavu la siku nyingi. Kitanda, alisema mwenye nyumba, walikuwa wamebeba, na ndoo, mpaka fagio.

Nilimkabidhi binti yangu mtoto, nikarudi chekechea gizagiza lile. Kwa haraka zangu nilikuwa nimefukia shimo moja tu. La pili lilikuwa wazi, kanga yangu ndani. Nikaitoa, nikapiga magoti, nikarudisha mchanga kwa mikono mpaka ukawa sawasawa na ua. Nikaupigapiga. Halafu nikakaa palepale kidogo, nikisikiliza kama nitaisikia ile sauti ndefu.