Maharage ya Jirani

Mama mkwe wangu alifariki mvua zikikaribia, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Kijiji chetu hakikuwa mbali na mgodi wa dhahabu wa Geita, na desturi ya msiba ilikuwa moja: wafiwa hawawashi moto mpaka matanga yaanuliwe, majirani ndio wanaoleta chakula. Chungu chako kikiliwa msibani, wewe ni mtu wa hapa.

Jirani yangu alikuwa Mrundi. Mumewe alichimba mgodini, na ule ulikuwa mwaka wao wa pili kwetu. Kila asubuhi tulisalimiana na kuchekeana, lakini siku za kulima kwa pamoja hakuna aliyemwita, nami nikajifanya nimesahau. Nilijiona mwema kwa sababu tu sikumtukana.

Siku ya pili ya msiba akaleta chungu cha maharage, yamepikwa kwa mawese ya kwao. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Shangazi wa mume wangu hakungoja hata mgeni atoke uani.

“Chakula cha Mrundi mimi siweki mdomoni. Nani anajua wanatia nini?”

Wanawake wakainamisha nyuso. Nilizunguka nyuma ya zizi, nikamwaga yote kwenye shimo la taka, nikaosha chungu. Jioni nikamrudishia.

“Usimsikilize yule, dada,” nikamwambia. “Tumekula sote, hakikubaki kitu.”

Alifurahi mpaka nikaona haya. Ilikuwa haya ndogo, ikapita.

Siku ya kuanua matanga akaja na chungu kikubwa zaidi, mtoto mgongoni. Akaninong'oneza, “Nilikuwa nimebakiza maharage ya mbegu tu, dada, nimeyapika yote. Nikaona, waliokula kwangu hawataninyima mbegu mvua zikinyesha.”

Ningeweza kuketi pale pale, nikachota na kula mbele yao wote. Ni tonge moja tu lililotakiwa. Lakini shangazi alikuwa ananitazama, nami niliogopa kusemwa. Nikazunguka tena nyuma ya zizi. Mpaka leo, mzee kama nilivyo, naona aibu kuliandika hili.

Mvua ziliponyesha alipita nyumba kwa nyumba na kapu lake. Kwangu alibisha hodi mara tatu. Nilikuwa ndani, nimekaa kando ya gunia la mbegu, sikuitika.